Kasuku si redio

(Hotuba kwa wafugaji wa ndege wa mtaani, Magomeni, Dar es Salaam)

Itifaki imezingatiwa. Asalamu aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Daktari, njoo utufundishe namna ya kumfanya kasuku aongee." Nikamwambia nitakuja, ila hilo sitalifundisha. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi njoo hivyo hivyo, soda ipo." Nimekuja, na soda nimeiona.

Mimi ni daktari wa mifugo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuku wa nyama, kuku wa mayai na ng'ombe wawili watatu wa maziwa huko pembezoni mwa jiji. Kasuku sikuwatafuta, walikuja wenyewe, mmoja mmoja, kwenye matundu yaliyofunikwa kanga. Na karibu wote waliletwa na swali moja: "Daktari, mbona haongei?" Mtu ana ndege aliyekonda, kifua kimebaki mfupa kama upanga, manyoya yamepauka, yeye anauliza mbona haongei. Ni mteja mmoja tu, katika miaka yote hiyo, aliyeniletea swali la kinyume. Huyo nitamfikia mwishoni.

Tuanze na pilipili. Najua humu ndani wapo wanaompa kasuku pilipili kila asubuhi ili ulimi uwe mwepesi. Tumerithi hilo kwa wazee, na wazee nao waliona kwa majirani. Ukweli ni kwamba ndege hausikii ukali wa pilipili. Kile kinachotuwasha sisi mdomoni hakiwagusi wao. Nani mwenye pilipili kichaa iliyoota yenyewe uani, chini ya mwembe au kando ya ukuta? Hiyo imepandwa na ndege. Alikula sehemu nyingine, akaja kutua kwako, akajisaidia. Kwa hiyo mpe pilipili ukitaka, ina vitamini, anaipenda. Lakini kwake ni tunda kama pilipili hoho. Haifungui ulimi.

Kibaya zaidi ni wale wanaomkwangua ulimi, wakidai kuna ngozi ngumu inayozuia maneno. Nimemwona mmoja aliyefanyiwa hivyo kwa wembe. Jamani. Sauti ya kasuku haianzii mdomoni. Inatoka chini kabisa ya koo, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu ya kulia na ya kushoto. Ulimi kazi yake ni kuipa sauti hiyo umbo tu. Ukimkata unamharibia hata kile kidogo alichokuwa nacho, na unamnyima uwezo wa kumenya mbegu, maana ulimi wake mnene ndio kidole chake cha tatu.

Sasa kwa nini anaongea? Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Shuleni mwalimu alipotaka kukutukana alisema umekariri kama kasuku. Maana yake unatamka usichokielewa. Tumekua na msemo huo mpaka tukaamini kasuku ni redio: unabonyeza, inasema. Porini kasuku haishi peke yake. Anaishi kwenye kundi, na katika msitu mnene ambamo majani yanaziba kila kitu, sauti ndiyo inayomwambia mwenzake yuko wapi. Anaita, anajibiwa. Asipojibiwa anaita tena, kwa nguvu zaidi. Kule Venezuela kuna kasuku wadogo sana wa kijani ambao watafiti waliwachunguza kwenye viota vyao, wakakuta wazazi wanawapa makinda mlio maalumu, kila kinda na wake, na kinda anakua akiutumia mlio huo kama jina. Jina alilopewa na mama na baba. Huyo ni redio?

Kwa hiyo unapomchukua kinda kutoka kwenye tundu la mti, ukamweka Magomeni kwenye baraza, yeye bado anatafuta kundi. Kundi analoliona ni nyie. Anasikiliza nyie mnaitanaje. Anasikia "Hodi!" ikifuatiwa na "Karibu!", anasikia "Juma!" ikifuatiwa na mtu kutokea. Anajifunza kwamba sauti hizi zinaleta watu, basi anazitumia. Anaita kwa lugha ya nyumba hiyo kwa sababu lugha ya kwao haijibiwi.

Msinielewe vibaya, kuna upande wa pili wa upotofu huu. Wapo wanaoamini kasuku anaelewa kila kitu, anajua siri za ndoa, anatabiri mgeni. Hapana. Anajua vitu kadhaa, na anavijua vizuri. Kule Marekani mwanasayansi Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu dukani, Chicago, mwaka 1977, akampa jina la Alex. Mpaka anakufa mwaka 2007 Alex aliweza kutaja vitu kama 50, rangi saba, na kuhesabu mpaka sita. Ukimwonyesha funguo mbili, moja kubwa na moja ndogo, ukamuuliza ipi kubwa zaidi, anakujibu kwa kutaja rangi yake. Lakini angalieni alifundishwaje. Watu wawili walikaa mbele yake, mmoja akamuuliza mwenzake jina la kitu, mwenzake akajibu na kukabidhiwa kitu hicho. Alex alitazama mazungumzo ya watu, akataka kuingia. Hakufunikwa na shuka jeusi na kuachiwa kaseti inayorudia "Kasuku mzuri, kasuku mzuri" usiku kucha, kama anavyofanya ndugu yangu mmoja wa Tabata.

Na wengine hawaongei kabisa, hata wakipendwa namna gani. Nao ni kasuku kamili. Ukitaka kiumbe wa kuongea nunua simu.

Ukishaelewa kwamba sauti ni kutafuta kundi, mambo mengi mengine yanajieleza. Kelele za asubuhi na jioni, kwa mfano. Watu wananiambia ana wazimu, au ana njaa. Ni saa ambazo makundi porini yanaondoka malaloni na kurudi. Anaulizia nani yupo. Ukimpigia kelele anyamaze, umemjibu, na kesho ataongeza sauti. Mjibu kwa upole, mluzi mmoja au neno moja, kila siku lilelile, mtaona.

Kujinyonyoa manyoya nako mnakujua. Mtu analeta ndege mwenye kifua kitupu kama kuku aliyechemshwa, ananiambia ana utitiri, tayari ameshampulizia dawa ya kuku. Nawapa kipimo cha bure. Tazameni kichwa. Kasuku hawezi kufikisha mdomo kichwani kwake mwenyewe. Mwili ukiwa mtupu na kichwa kina manyoya yake yote mazuri, basi anajinyonyoa yeye. Inaweza kuwa ugonjwa wa ndani, inaweza kuwa chakula kibovu, na mara nyingi sana ni upweke na kukosa shughuli. Ndege ambaye porini angeruka kilomita nyingi kwa siku akitafuta matunda, wewe umempa kijiti kimoja na bakuli la alizeti. Atafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni? Mpe vijiti vya mpera atafune, mpe gunzi, mfungie karanga ndani ya karatasi azitafute. Mpe maji aoge. Kasuku wa kijivu ni ndege wa msitu wa mvua, na kwa joto hili la Dar akioga anafurahi kama mtoto.

Hapa nichekeshe kidogo. Kuna baba alikuja mbio, kasuku wake anatikisa kichwa juu chini na kumtapikia kiganjani. Amenyweshwa sumu? Nikamwuliza, "Unamshika wapi unapocheza naye?" Akasema, mgongoni, chini ya mabawa, anapenda sana. Nikamwambia mzee, huyu ndege amekuposa, na hiyo karanga iliyotapikwa ndiyo mahari. Kasuku humlisha hivyo mwenzi wake. Mkuneni kichwani na shingoni tu, kwingine mnampa matumaini ya uongo, kisha anakuwa mkali, anauma, anafukuza wake zenu.

Chakula nitapita haraka. Kasuku hali mbegu tu. Alizeti na karanga ni mafuta matupu, hazina vitamini A ya kutosha wala kalisi, na kasuku wa kijivu akikosa kalisi anaanguka kifafa. Nimewapokea wakiwa wanatetemeka mabawa, mwenyewe anasema karogwa. Mpeni matembele, mchicha, karoti, boga, papai, embe, hindi bichi, na mbegu kidogo. Mtoeni juani asubuhi, jua lenyewe, si la kupitia kioo, awe na kivuli cha kukimbilia. Parachichi ni marufuku, linaua. Chokoleti, kahawa, pombe, vitu vya chumvi, msimpe hata kwa utani. Na mkate uliochovywa chai ya maziwa, ambao kila bibi anaapa kwamba ndio uliomlea kasuku wake, ni kumshibisha tu.

Lakini kitu kinachoua kasuku wengi mjini kwa ghafla, tena ndani ya nyumba za watu wanaowapenda, ni hewa. Mapafu ya ndege yanavuta hewa kwa ustadi kuliko yetu, kwa hiyo yanavuta sumu kwa ustadi huohuo. Vile vikaango vyeusi ambavyo chakula hakigandi: kikisahaulika jikoni kikapata moto mkali kupita kiasi, kinatoa mvuke usionuka, na ndege aliye chumba cha pili anaanguka chini ndani ya dakika chache. Mtu hajasikia chochote. Jiko la mkaa ndani, dawa ya mbu ya kuzungusha, dawa ya kupuliza, marashi ya kopo. Na udi. Najua naongea na watu wa Pwani, sitawaambia msifukize udi Alhamisi jioni. Mtoeni ndege kwanza, mumrudishe harufu ikishaisha.

Naye ndege anaweza kuwadhuru nyie. Kasuku wa kijivu anatoa unga mweupe kwenye manyoya, mwenye pumu anaujua. Kuna ugonjwa wa kasuku unaompata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, unaanza kama mafua makali na kuishia kwenye mapafu. Ukiugua hivyo, mwambie daktari wako wa hospitali kwamba unafuga ndege. Hatakuuliza usipomwambia.

Kwa wenzangu wa kuku, sikilizeni vizuri. Mnaona kasuku ni ndege wa sebuleni, hahusiani na banda. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, hakijui sebule. Mwaka 1971, kusini mwa California, kideri kikali kiliingia, na kasuku waliosafirishwa kutoka nje ndio waliohusishwa nacho. Mpaka kinadhibitiwa, kuku karibu milioni 12 walikuwa wameteketezwa. Kasuku anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha lolote. Ukinunua ndege mpya njiani kwenye foleni, ukampeleka moja kwa moja nyuma kwenye kuku wako, usinipigie simu usiku.

Jambo hilo la kutokuonyesha ugonjwa lipo kwa kasuku wote. Porini ndege anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa, kwa hiyo anajikaza mpaka nguvu zinaisha. Siku unayomwona amejikunja chini ya tundu, manyoya yamevimba, mkia unapanda na kushuka anapohema, ameugua siku nyingi. Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Kasuku wa kijivu mzima ana gramu 400 hadi 500 hivi. Mpime kila Jumamosi, andika. Mizani itakuambia kabla yake.

Sasa nije kwenye swali ambalo muuzaji hulijibu haraka: katoka wapi? "Huyu wa kufugwa, bosi, kazaliwa kwenye tundu." Labda. Wale wadogo wa Australia, wa rangirangi, kweli wamefugwa Ulaya tangu karne ya 19 na wanazaliana hata kwenye vyumba vya Sinza. Wa kijivu ni habari nyingine. Makwao ni misitu kuanzia Afrika Magharibi, kupita Kongo, mpaka inapogusa pembe yetu ya kaskazini magharibi, kule Kagera. Tangu miaka ya 1970 zaidi ya milioni moja wameingia kwenye biashara ya kimataifa baada ya kukamatwa porini, na hapo hujahesabu waliokufa ndani ya magunia. Ghana walikuwa wengi, sasa karibu wamekwisha. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama ziliamua kasuku wa kijivu wa porini asiuzwe tena kimataifa kibiashara.

Na sisi tuna wetu. Kwaru, wale kasuku wadogo wanaokaa wawiliwawili wamegusana mabega. Mmoja, mwenye uso wa rangi ya chungwa, asili yake ni Tanzania, huko Usukumani na Serengeti. Mwaka 1987 hapakuwa na ndege wa porini aliyeuzwa kimataifa kwa wingi kumpita yeye, mpaka nchi ikasimamisha kumsafirisha nje miaka ya 1990 ilipoanza. Mwingine, mwenye kichwa cheusi na kola ya manjano, naye ni wa nchi hii, na hapahapa Dar wapo walioletwa wakatoroka, wakazaliana tangu enzi za Mwingereza. Pwani yetu ina kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia. Hao wote ni wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 huwezi kumtoa mtini ukamweka sebuleni kwa sababu tu una tundu zuri. Kibali kinatafutwa TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, na kinatafutwa kabla.

Najua mtakachouliza: basi tuwaachie? Hapana. Usifungue mlango ukadhani umepata thawabu. Ndege aliyelelewa na mkono hajui chakula kiko wapi, na kunguru wa mji huu mnawajua. Walianzia Zanzibar, walikoletwa kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka, leo wanamnyang'anya mtoto andazi mkononi. Kasuku wako hatamaliza adhuhuri.

Nilisema kuna mteja aliyekuja na swali la kinyume. Si mbali na hapa.

Alikuwako bibi mmoja mwenye kasuku wa kijivu aitwaye Sultani. Mumewe alimnunua mwaka 1984 kwa dereva wa lori aliyetoka Zaire, zamani hizo. Mume akafa, watoto wakaolewa na kuoa, Sultani yupo. Hili nalo watu hawalijui wanaponunua: kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anafika miaka 40, hata 60. Mzee wa miaka 50 anayejinunulia kinda leo anawanunulia wajukuu.

Bibi akafariki. Mirathi ikakaa, nyumba ikagawanywa, vyombo vikagawanywa, hata cherehani ilikuwa na wagombea wawili. Sultani hakutajwa na mtu. Baada ya arobaini watoto walinijia, wanne, wakakaa kwenye benchi langu. Kaka mkubwa ndiye aliyesema. "Daktari, ipo sindano ya kumnyamazisha?"

Alikuwa anaita kwa sauti ya marehemu. Si kufanana, ni sauti yenyewe, na kikohozi chake cha alfajiri kabla ya kuita. "Zuhura! We Zuhura!" Zuhura ni kitindamimba, ndiye aliyemuuguza mama. Mchana kutwa, "Zuhura!" Majirani walishaanza kusema mambo yao. Wakaleta mtu asome, akasoma, Sultani akamsikiliza kwa makini, kisha akaita Zuhura.

Sindano hiyo haipo. Nikamwuliza yule binti, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, "Anapoita, unafanyaje?" Akasema anatoka nje, anakwenda kusimama barabarani mpaka anyamaze. Nikamwuliza, mama alipokuwa hai akiita, ulikuwa unafanyaje? Akaniangalia kama nimemtusi. "Namwitika."

Nikamwambia aitike.

Alimchukua Sultani akaenda naye Kigamboni anakoishi na mumewe. Karatasi zake tulizishughulikia, zikachukua muda, mnaijua nchi yetu. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kumpima. Gramu 430. Kifua kilichokuwa kitupu kimeota manyoya. Ameongeza honi ya bajaji na jina la mtoto wa jirani. Nilikuwa nafunga mkoba wangu nikasikia kikohozi kile, na mimi mwenyewe, daktari mzima, nikasimama wima kama mtu aliyeamkiwa na marehemu.

"Zuhura!"

Zuhura alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa.

"Abee, mama!"

Sultani akashuka kijiti kimoja, akaokota hindi lake, akaendelea kula.

Haya, maswali. Yule mama wa nyuma mwenye ushungi wa kijani, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja udi.